Mdomo wa Mto

4 Machi

Kwa Mshona Mito,

Salamu.

Mto nilioagiza umefika jana, na umepasuka. Boksi limebonyea kona moja kama kofia iliyokaliwa. Mto wenyewe umeachia upande mmoja na sufi imetapakaa sebule nzima. Hivi ninavyoandika iko juu ya redio, iko kwenye miwani, na unyuzi mmoja umeamua kuhamia ndani ya sharubu zangu.

Nilikutumia gauni la buluu lenye maua madogo meupe ili ulitumie kuvalisha mto. Ni kitambaa cha kawaida tu, lakini madukani hakipatikani tena.

Jambo la pili. Juu ya boksi mmeandika kwa herufi kubwa: MTO. USILOWE. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kukutana na mto usiolowa. Tarishi alicheka mlangoni kwangu mpaka akashika ukuta. "Mzee, tia saini hapa," akasema. "Mto wako umefika, ila samaki sijawaona."

Jambo la tatu. Vifungo vya gauni viko wapi?

Nasubiri maelezo.

Mteja wako,
Mwalimu mstaafu


11 Machi

Ndugu Mteja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTO ULIOPASUKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako imepokelewa kwa masikitiko makubwa. Inaonekana kwamba uharibifu ulitokea wakati kifurushi kikiwa safarini. Suala lako linashughulikiwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Wako mtiifu,
Kwa niaba ya Mshona Mito


17 Machi

Kwa uliyeandika kwa niaba,

Nakurudishia barua yako. Wino mwekundu ni wangu.

"Imepokelewa." Na nani? "Inaonekana." Kwa nani? "Linashughulikiwa." Nani huyo anayehangaika, nimtumie pole? Na hili la mwisho ndilo limenifanya niinuke kitini nikatafute kalamu: "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu si uyoga, haujitokezi wenyewe baada ya mvua. Kila usumbufu una mtu aliyeuleta, na mtu huyo ana mikono.

Barua yako nzima haina mtu hata mmoja. Nimeisoma kama mgeni aliyeingia nyumba ambayo chai iko mezani, mvuke unatoka, na wenyewe hawapo.

Nimekupa alama nne kati ya kumi. Mbili ni za mwandiko, ambao ni mzuri, na ambao unaniambia kwamba wewe si mshona mito. Wewe ni mwanafunzi.

Swali ni moja: nani ameupasua mto wangu? Andika upya.

Mwalimu mstaafu


24 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Ni kweli, mimi ni mwanafunzi. Ni msichana wa sekondari. Mshona mito ni shangazi yangu, dada yake baba, na ninaishi naye. Yeye hushona, mimi huandika. Barua yako ya wino mwekundu niliisoma chooni, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya nyumba yetu yenye komeo, na nilikaa mpaka Shangazi akagonga kuuliza kama nimekula kitu kibaya.

Maneno yale niliyachukua kwenye kitabu cha barua za kiofisi. Nilidhani ndiyo heshima. Nikiandika "mimi" huwa naona kama nimeingia chumba cha wageni na viatu vya matope.

Lakini nitajaribu. Mimi ndiye niliyeandika MTO. USILOWE. Sikuona kosa lake mpaka uliposema, kwa sababu huku kwetu mito haina maji. Shangazi huchambua sufi kwa mkono kando ya dirisha. Alasiri jua likiingia, zile nyuzi huelea polepole, hazipandi wala hazishuki, na Shangazi huonekana kama mtu anayeshona chini ya maji. Nikitoka shule husimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia, nisije nikayachafua.

Kuhusu vifungo: Shangazi akipokea nguo ya mteja, kabla ya lolote hukata vifungo na kola. Vifungo huvunjika kwenye kufua, na kola ni ngumu, humchoma mtu shavu. Baada ya hapo huifua nguo mara mbili kwa sabuni na kuianika juani. Anasema hawezi kumlaza mtu juu ya jasho la mtu mwingine. Vifungo vyako vimo kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vya wateja wengine. Nadhani ni vile vyeupe vyenye umbo la ua. Nitavitafuta.

Kuhusu nani ameupasua, nimewaandikia posta. Tafadhali rudisha mto ili ushonwe tena bila malipo. Na ukinijibu, tumia anwani ya shule niliyoandika nyuma ya bahasha. Nyumbani barua huchelewa.

Mimi,
Mwandishi wa barua


2 Aprili

Binti,

Marahaba. Alama saba. Hiyo ya viatu vya matope imekuongezea moja.

Mto sirudishi. Usiniulize sababu. Mteja ana haki ya kulalamika na kitu chake akabaki nacho.

Kumbe mlilifua. Mara mbili.

Nisahihishe mahali pamoja katika barua yangu ya kwanza. Niliandika "kitambaa cha kawaida". Gauni lilikuwa la mke wangu. Alikuwa akilivaa siku za kupanga vitabu, alikuwa mtunza maktaba, na likawa na harufu ya karatasi kuukuu na ya yale mafuta yake ya mgando aliyokuwa akijipaka viwiko. Tangu mwaka jana mimi hulala kwenye kiti. Kitanda kile kina pande mbili.

Juzi nilijiegemeza kwenye huo mto wenu hivyo hivyo ulivyoachama, mchana, na usingizi ukanichukua kidogo. Nikaota nipo darasani nafundisha. Katikati ya madawati ulikuwa unapita mto, mto wa kweli, lakini badala ya maji ulikuwa na sufi. Wanafunzi waliuvuka viatu mkononi, hakuna aliyesikika. Ng'ambo alikuwa amesimama mtu kanipa mgongo, kavaa buluu, anapanga vitabu kwenye rafu isiyo na mwisho. Nikataka kumwita nikakosa jina. Mimi! Jina nililoliita kila siku, kwa chai, kwa funguo zilizopotea! Nikaamka na sufi mdomoni.

Sasa swali langu. Nyumba gani hiyo ambayo barua huchelewa kuliko shuleni? Nani hapaswi kuisoma?

Mwalimu


9 Aprili

Kwa Mshona Mito,

Kuhusu kifurushi chenu kilichoandikwa MTO. USILOWE (ambacho wenzangu hapa hawajakisahau, na mmoja alitaka kukipitisha dirisha la vimiminika), nimefuatilia mwenyewe.

Boksi lilibonyea kona moja lilipowekwa chini ya mashine ya kusagia. Kamba haikukatwa. Gundi haikufunguliwa. Halikulowa. Kona iliyobonyea haiwezi kuchana kitambaa, na mto si yai. Kama mshono umeachia, basi umeachia wenyewe. Kwa heshima, mwulizeni aliyeushona.

Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Karani wa Vifurushi


22 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Nimeandika upya kama ulivyotaka. Safari hii nimewaweka watu.

Shangazi ndiye aliyeshona mto wako. Pande tatu alizipitisha kwenye cherehani. Upande wa nne, ule wa kujazia sufi, sisi huuita mdomo wa mto, na huo huufunga kwa mkono. Posta wamenijibu kwamba si wao. Kwa hiyo ni mdomo umeachia, na aliyeufunga ni Shangazi.

Mimi nilijua. Macho yake hayaoni vizuri. Zamani alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anaongea na mtu mlangoni, bila hata kutazama. Siku hizi huniita. "Nitungie, mwanangu, mikono yangu imelowa." Naiangalia mikono, mikavu. Natunga, nanyamaza. Barua yako ya kwanza ilipokuja nikaificha ndani ya atlasi. Niliogopa akiisoma ataacha kushona, na Shangazi asiyeshona simjui, sijawahi kumwona.

Tangu siku hiyo, akienda kununua sufi, mimi nilikuwa naipitia mishono yake na kuongeza wangu juu yake. Jumamosi alisahau kikapu akarudi.

"Unafanya nini na mto wa watu?"

"Naongeza uzi."

"Uzi wangu umekosa nini?"

Nikainamia sindano. Akakaa.

"Wewe ukinyamaza hivyo najua kuna kitu umekisoma. Haya, nisomee na mimi."

Nikamsomea zote, zako na nakala za zangu na ya posta. Ile ndoto alitaka niirudie. Nilipomaliza akachukua mto mmoja mapajani, akaupitishia kidole gumba mshono wote, taratibu, kama mtu anayesoma mahali palipofutwa. Kisha akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama. Na asiye nayo haambiwi shona."

Akaivua kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni ili sindano isimchome, akaiweka dirishani. Cherehani akaifunika shuka. Sijawahi kuona cherehani yetu imefunikwa mchana.

Hakunikaripia. Ananipikia, ananiuliza habari za shule, anacheka na jirani. Lakini chumba kimejaa mito iliyoachama, na sufi haielei tena, kwa kuwa hakuna anayeigusa. Imelala sakafuni.

Hili ndilo jibu la swali lako, Mwalimu. Nani ameupasua: Shangazi. Nani alificha: mimi. Samahani. Hakuna kilichojitokeza.

Mwandishi wa barua


27 Aprili

Binti,

Msomee Shangazi yako barua hii kabla hujavua sare. Usiimalize kwanza. Msomee moja kwa moja.

Mto wenu ulifika mzima.

Rudia hapo. Mto wenu ulifika mzima.

Nilikuandikia "umepasuka". Kauli hiyo nimeifundisha mimi mwenyewe ubaoni: kutendeka. Kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika, mto umepasuka. Watoto wanaipenda kauli hiyo kwa sababu hakuna anayechapwa. Nikakupa alama nne kwa barua isiyo na mtu, na yangu haikuwa na mtu tangu mstari wa kwanza. Wewe umeandika "samahani" yenye mtu ndani, kwa kosa ambalo halikuwepo. Nimeshindwa hata kuishika kalamu nyekundu.

Ilikuwa hivi. Nilifungua boksi, nikatoa mto. Mzuri. Maua yamekaa sawa kwenye kona. Nikazima redio, nikaketi, nikaweka shavu.

Ulinukia sabuni.

Sabuni nzuri, sina neno juu yake. Lakini nilikuwa nimelitunza gauni lile ndani ya mfuko, sikulifungua isipokuwa kwa nadra, nisije nikaimaliza ile harufu. Nikalituma kwenu nikaandika vipimo, nikaandika rangi ya uzi, nikaandika anwani mara mbili. Nikasahau kuandika "msilifue". Nani huandika hivyo? Ungemwandikia mshonaji neno kama hilo bila kuona haya?

Nikafikiri, labda ndani ya pindo, pale kitambaa kinapokunjwa, maji hayakufika. Nikavuta mdomo wa mto ufunguke. Ukagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, nikauma uzi kwa meno, ukagoma. Mwishowe nikaenda jikoni nikachukua kisu cha mkate. Mwambie Shangazi yako hivyo hivyo. Mshono wake ulinigomea mpaka nikaushikia kisu, na niliposhinda nilikuwa natweta.

Ndani ya pindo kulikuwa na sabuni pia.

Nikakaa katikati ya sufi ile na hasira, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Huwezi kumlalamikia mtu kwa usafi. Basi nikaona ile kona ya boksi iliyobonyea, nikachukua kalamu.

Mimi ndiye niliyeupasua mto. Mkono wangu, kisu changu. Mwambie achukue kastabini yake.

Mwalimu


6 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Shangazi amesema niandike kila neno kama anavyolitoa, nisilipambe. Haya ndiyo maneno yake:

"Mwambie huyo Mwalimu kisu cha mkate ni cha mkate.

"Mwambie sikukasirika. Nilikasirika kidogo. Lifute hilo. Hapana, acha, asome.

"Mwambie angeniambia nisifue, nisingefua. Mimi ni mshonaji, si mpiga ramli. Lakini na mimi ningeweza kumwuliza, gauni hili la nani? Sikuuliza. Wateja wangapi wameniletea shati la mtu, gauni la mtu, nami nakimbilia beseni. Nilidhani nawafanyia wema. Kuanzia sasa nitauliza kwanza.

"Mwambie macho yangu ni mabaya kweli, hilo huyu mtoto hakukosea. Ila mdomo wa mto siufungi kwa jicho. Naufunga kwa kidole. Nilipopitisha kidole kwenye mishono yangu siku ile nikaikuta imara, nikasema, basi hata kidole sasa kinanidanganya. Hapo ndipo nilipovunjika moyo. Nani alinivunja? Mwambie ajibu mwenyewe, si ndiye mwalimu?"

Hapo akacheka sana, Mwalimu, akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akaniagiza nilete mkebe wa biskuti.

Nilidhani anataka vifungo vyako. Alivimwaga vyote kitandani na kuvipapasa, akavipata vya umbo la ua bila kuvitazama. Kisha akaendelea kupapasa chini kabisa ya mkebe. Akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi. Kilikuwa cha buluu.

"Kola," akasema. "Mimi hukata kola kabla sijafua. Hii haijagusa maji."

Nilikuwa nimekuandikia hilo kwa mkono wangu, mwezi wa tatu, vifungo na kola kabla ya lolote, na wewe ulilisoma, na hakuna kati yetu aliyeliona. Nikainama ninuse, ili nikuandikie kama bado ipo, usije ukafungua bahasha ukaumia mara ya pili.

Shangazi akanipiga kofi mkononi.

"Koma! Hiyo si harufu yetu."

Kwa hiyo sijui, Mwalimu. Naituma bila kujua. Iko ndani ya karatasi yake ile ile, na karatasi iko ndani ya mfuko, na vifungo viko kando ili visiipondeponde. Shangazi anasema usiuze mto, usiutume, usimpe fundi mwingine. Rudisha sufi ndani, hata ile ya juu ya redio. Kola iweke mwisho, karibu na mdomo, upande ambao shavu hukaa. Halafu uufunge mwenyewe. Mishono iwe mibaya, haidhuru, hakuna atakayeisahihisha. Sindano nimeichomeka kwenye kipande cha kitambaa, uzi nimeutunga mimi.

Jumamosi nampeleka kupima macho. Amekubali kwa sharti kwamba miwani isiwe ya kumfanya afanane na bundi. Kastabini iko kidoleni. Leo nilipotoka shule nilisimama mlangoni kama zamani, na sufi ilikuwa inaelea.

Juu ya bahasha nimeandika ISILOWE, na safari hii sikuandika ni kitu gani.

Mimi,
Mpwa wa Mshona Mito


19 Mei

Binti,

Barua yako sikuisahihisha.

Mishono yangu ni mibaya sana. Mwambie Shangazi yako imepanda na kushuka kama mtu anayetafuta funguo gizani, lakini mdomo umefungika. Nisamehe: nimeufunga. Tarishi ameleta bahasha akauliza kama safari hii ndani mna bahari.

Hukuniuliza kama harufu ipo. Asante kwa kutouliza.

Nilikitoa kile kiti kwenye njia, nikaenda chumbani, nikapanda kitandani upande wangu.

Kitenzi: nimelala.
Mtenda: mimi.

Mwalimu